Gari Lililoshushwa na Likae Sawa: Mazungumzo na Mafundi na Vijana wa Mpakani



Hatukuja kuwakataza vijana kupendezesha magari yao. Tumekuja kwa sababu ya gari moja tulilolisimamisha jioni. Lilikuwa limeshushwa, nalo limeinamia kushoto mfano wa mtu abebaye ndoo moja. Tulipochungulia chini tukakuta springi zimekatwa kwa moto wa gesi, na tairi ya kushoto imelika kwa kukwaruza bodi hata nyuzi zikaonekana. Ndani walikuwamo watoto watatu.

Moto huharibu ugumu wa chuma cha springi, na springi iliyokatwa huweza kuchomoka mahali pake gari lirukapo tuta. Kwa hiyo, atakaye kushusha gari na anunue springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hilo, azifunge kwa jozi, kushoto na kulia, pamoja na shokapu zinazolingana nazo.

Kisha apime. Gari lisimame mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa, buti likiwa tupu. Lisogezwe mbele na nyuma kidogo, kwani likitoka kwenye jeki halikai mara moja. Apime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne. Mbele na nyuma si lazima zilingane. Kushoto na kulia ndizo zipasazo kukaribiana.

Likiwa bado limeinama, asikimbilie kupachika kipande cha mpira juu ya springi. Achunguze kwanza: huenda springi haikukaa sawa, au imevunjika, au bushi zilikazwa magurudumu yakining'inia. Bushi hizo zilegezwe, gari likalie magurudumu kwa uzito wake, ndipo zikazwe.

Mwisho, alaimenti ipimwe upya na taa zirekebishwe. Maana nyuma ikishuka kuliko mbele, mwanga huinuka ukampofusha ajaye.

Mwenye shaka na alilete gari kituoni mchana, tulitazame pamoja kabla halijatupatanisha na msiba. Lile la jioni ile lilivutwa hadi gereji. Watoto walivuka mpaka kwa miguu, wakiwa salama.