Mazungumzo Juu ya Uhandisi wa Programu za Kompyuta



Husikika maofisini kwamba programu ya kompyuta imechelewa kwa sababu mafundi ni wavivu. Hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Mwaka 1986 bingwa wa Kimarekani, Frederick Brooks, alieleza kuwa ugumu wa kazi hii ni wa namna mbili: ule utokanao na zana, ambao hupungua kadiri zana zinavyoboreka, na ule uliomo ndani ya jambo lenyewe, ambao hauondoki. Huyo ndiye aliyekwisha kuonya mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi iliyochelewa huzidi kuichelewesha.

Visiwani hakuna mgodi wa dhahabu, lakini mfano wa Bara unafaa. Wilaya ya Bukombe ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga. Mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Geita, ikahamishiwa huko. Hapana jiwe lililosogea, ila kumbukumbu za leseni zilipaswa kubadilika. Mrabaha wa dhahabu nao ulikuwa asilimia 4 kwa Sheria ya Madini ya 2010. Mwaka 2017 ukawa asilimia 6, na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 ikaongezwa. Machi 2019 likafunguliwa soko la dhahabu mjini Geita. Programu ya mahesabu haiwezi kufuta asilimia 4 na kuandika 6 tu. Mauzo ya 2015 sharti yaendelee kuhesabiwa kwa kiwango cha 2015, ama sivyo mkaguzi atakuta deni lisilokuwapo.

Zito zaidi ni mipaka. Ramani za zamani zilifuata kipimo cha rejea kiitwacho Arc 1960, ilhali vipokezi vya setilaiti hufuata WGS 84. Namba zile zile zikisomwa kwa kipimo kisicho chake, mahali husogea takribani mita 300. Kiwanja cha mraba cha hekta 10 kina upande wa mita 316 hivi. Basi eneo la mchimbaji mdogo laweza kuangukia karibu lote juu ya la jirani yake. Daraja likipinda huonekana kwa macho. Hapa wachimbaji wawili watagombana shimoni, kila mmoja na karatasi yake yenye muhuri, na kosa limo katika mstari mmoja wa maandishi ambao hapana afisa aliyepata kuuona.