Kannushi: Neno Moja la Wajapani

Twaeni kalamu, mwandike neno hili pamoja nami: kannushi. Sasa lisomeni kwa sauti. Herufi n ni mbili, msimeze moja.

Neno hili latoka Japani, nalo lina vipande viwili. Cha kwanza ni kami, yaani mungu. Akiwa mmoja au wakiwa wengi, neno ni lile lile. Cha pili ni nushi, yaani mwenye. Mwenye ardhi huitwa jinushi, na mwenye chombo cha baharini funanushi. Je, kannushi anammiliki mungu? Hasha! Hata kwetu, mwenye shughuli si mtu aliyeinunua. Ni yule anayeisimamia, na jambo likiharibika huulizwa yeye.

Basi kannushi hutumikia mahali patakatifu pa dini ya Shinto. Hupunga fimbo yenye karatasi nyeupe ili kuondoa unajisi, kisha husoma maombi kwa lugha ya kale. Mtu akitaka kujenga nyumba, humwita akiombee kiwanja kwanza. Huoa na kuzaa, na wengi wameifuata kazi ya baba zao. Lakini mazishi kwa kawaida ni kazi ya watawa wa Buddha. Ukimwita mtawa huyo kannushi umekosea kabisa, ni kama kumwita shehe padre.

Zamani jina hili lilikuwa la mkuu wa mahali peke yake. Siku hizi watu huwaita hivyo wote. Wao wenyewe, katika karatasi za kazi, huandika shinshoku, na mkuu wao ni guji. Ukikutana naye sema, “Kannushi-san.” Hiyo san ni ya heshima, nayo yafaa kwa mwanamume na mwanamke. Naam, mwanamke pia, kwa maana baada ya vita iliyokwisha mwaka 1945 wanawake waliruhusiwa kazi hii. Msidhani kila mwanamke wa pale ni miko. Miko ni binti msaidizi, mwenye nguo nyeupe na nyekundu.

Mahali patakatifu pa Shinto ni kama 80,000, na watumishi wapata 20,000 tu. Kwa hiyo mmoja aweza kuhudumia vijiji kumi au zaidi. Ukimwuliza mzee wa kijijini kannushi yuko wapi, pengine atakuonyesha barabara: yuko kwingine, atakuja siku ya sikukuu. Ua hufagiliwa na wanakijiji wenyewe.

Kwa somo lijalo, andikeni sentensi tatu zenye neno mwenye, ambazo maana yake si kumiliki.