Sogeeni Kidogo



Huko Japani ziko nyumba za kale za kunywea chai. Sen no Rikyū, aliyefariki mwaka 1591, alizipenda ndogo na za kawaida, zenye mlango mfupi hata mgeni aingie kwa kutambaa. Askari mwenye cheo aliacha upanga wake nje. Ndani, mkubwa na mdogo walikaa chini pamoja, wakala kitu kitamu, ndipo chai ikatolewa.

Sisi hapa Mraru tuna hoteli ya mabati, birika jeusi kwa moshi, benchi moja, na mandazi (yakipoa hayafai). Habari ya kukosa nafasi twaijua sana. Zamani mabasi ya kwenda Voi yalipita hapa yamejaa, hata kina mama wakachanga fedha, wakanunua basi lao mwaka 1975.

Juzi tuliwakuta hotelini ndugu wawili wa kanisa letu. Mbuzi wa mmoja walikuwa wamekula mahindi ya mwenziwe, na tangu siku hiyo hawakusalimiana, wala hawakukaribia Meza ya Bwana. Mmoja alikaa ncha hii ya benchi, wa pili ncha ile. Kunyamaza kwao kulikuwa kukali kuliko upanga. Nasi hatukuhubiri, tuliagiza chai.

Wakaingia wazee wanne kutoka shambani, wamechoka. “Sogeeni kidogo, jamani!” Wawili wale wakasogezwa huku na huku mpaka mabega yakagusana. Mwenye mbuzi akatazama kikombe chake kitambo. Kisha akaisukuma sahani.

“Chukua, mwenzangu. Bado ya moto.”