Pima Kwanza, Ndipo Uahidi

Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Nitaanza kwa kukiri kosa. Niliwahi kuahidi ofisini, hapa Shinyanga, kwamba nitaweka mfumo wa Linux uitwao Gentoo katika kompyuta kuukuu, na kazi itakwisha kabla ya jioni. Ilikwisha siku ya tatu. Wazee waliofuata barua zao walirudi vijijini mikono mitupu.

Gentoo, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002, kwa kawaida huletwa kama maandishi ya watunzi. Kompyuta yako ndiyo huyageuza kuwa programu. Huko ndiko kukompaili. Mimi nilihesabu programu zilizobaki, nikagawa saa. Mchimbaji mdogo wa Geita angenicheka: kazi ya karasha haikadiriwi kwa idadi ya mifuko tu, bali na kwa ugumu wa mawe. Programu ndogo mia hupita upesi. Kivinjari kimoja cha intaneti hula saa nyingi. Tena kila kazi inayokwenda sambamba na nyingine huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 hivi. Ukizidisha, mashine hukwama.

Gentoo huweka daftari la muda wa kila programu iliyokwisha kukompailiwa. Genlop hulisoma na kukadiria safari ijayo. Kwa mwenye haraka, tangu Desemba 2023 zipo programu nyingi zilizo tayari.

Wadogo zangu, ahadi isiyopimwa hulipwa na mtu mwingine.