Umri Unaoliwa na Foleni: Watoto Waliopita Miaka 21 na Viza za Familia



Utangulizi

Mtoto kwa mzazi hakui. Ndivyo tunavyosema, na ndani ya nyumba ni kweli: mwenye miaka 30 bado anaitwa mwanangu, bado anatumwa, bado anaombewa. Kwenye karatasi za uhamiaji mambo ni tofauti. Huko mtoto hukua, tena hukua kwa usiku mmoja. Sheria yetu ya Mtoto ya Tanzania, ya mwaka 2009, inamtambua mtoto kuwa mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inasogeza mpaka huo hadi miaka 21, kwa sharti kwamba awe hajaoa au hajaolewa. Mzazi aliyetangulia ng'ambo akawaombea watoto wake viza anaweza kujikuta wadogo wamepata na mkubwa amebaki, kwa sababu tu alivuka miaka 21 wakati faili likiwa bado kwenye foleni. Mada hii inatetea jambo moja: umri wa mtoto upimwe kwa tarehe ambayo ombi la mzazi lilipokelewa, si kwa tarehe ambayo viza ilipatikana. Kuupima baadaye ni kumtoza kijana gharama ya ucheleweshaji ambao hakuufanya yeye wala mzazi wake.

Jinsi saa inavyohesabiwa

Tuanze na Marekani, kwa kuwa ndiko tatizo hili lilikokomaa zaidi. Sheria yao imeweka idadi ya viza za familia zinazosubiri zamu kuwa 226,000 kwa mwaka kwa dunia nzima. Kati ya hizo, 114,200 ni za wenzi na watoto wa wenye ukaazi wa kudumu, wale tunaosema wana kadi ya kijani. Fungu hilo nalo limegawanywa: asilimia 77 ni ya wenzi na watoto walio chini ya miaka 21, na asilimia 23, yaani viza zipatazo 26,266, ni ya watoto waliovuka umri huo bila kuoa au kuolewa. Kwa hiyo kijana anayetimiza miaka 21 hafutwi moja kwa moja. Anahamishwa kutoka foleni pana hadi foleni nyembamba, na huko atasubiri miaka mingi zaidi kuliko wenzake.

Bunge la Marekani liliuona udhaifu huo, likapitisha sheria ya kulinda hadhi ya mtoto iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 2002. Kwa sheria hiyo, umri wa kijana siku viza inapopatikana hupunguzwa kwa muda ambao ombi la mzazi lilikaa mezani likisubiri kuidhinishwa. Tuchukue mfano wa kukadiria. Viza imepatikana kijana akiwa na miaka 21 na miezi 8, na ombi lilikaa mezani miezi 10. Kisheria ana miaka 20 na miezi 10, basi bado ni mtoto, ili mradi achukue hatua ya kuitafuta viza hiyo ndani ya mwaka mmoja. Sasa tuseme ofisi ilifanya kazi kwa bidii, ikaidhinisha ombi kwa miezi 6. Kijana yuleyule anakuwa na miaka 21 na miezi 2, na amepita. Yaani uchapakazi wa ofisi umemdhuru. Kanuni inafidia kusubiri kwa aina moja tu, kule kwa meza ya kuidhinisha. Kusubiri kwa zamu ya viza, ambako ndiko kunakokula miaka mingi zaidi, hakuhesabiwi kabisa.

Hali ni nzito zaidi kwa watoto wanaofuatana na mzazi aliyeombewa na kaka au dada yake aliye raia. Foleni hiyo imezidi miaka 15. Mtoto aliyekuwa chekechea baba yake alipoombewa na shangazi hufika mwisho wa foleni akiwa mtu mzima. Tarehe 9 Juni 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Cuellar de Osorio, kwamba watoto wa aina hiyo wakishapita umri hawabaki na tarehe ya zamani ya familia. Mzazi afike kwanza, kisha afungue ombi jipya, na kijana aanze kuhesabu upya. Wanaojaza bahati nasibu ya viza kwenye steshenari zetu nao wana kikomo hichohicho cha miaka 21, na kinachopunguzwa kwao ni muda kati ya kufunguliwa kwa usajili na kutangazwa kwa walioteuliwa, ambao ni miezi michache tu.

Kuna jambo la tatu ambalo jamii yetu inapaswa kulipima kwa uzito: ndoa. Mtoto wa mwenye ukaazi wa kudumu akioa au akiolewa kabla ya safari, ombi lake linakufa, kwa kuwa hakuna fungu la watoto wenye ndoa mpaka mzazi awe raia. Foleni basi haili umri peke yake. Inamwambia binti wa miaka 26 asipokee mahari, na kijana wa miaka 28 asianze mji wake, kwa ahadi ambayo haina tarehe.

Ushahidi kwamba inawezekana

Ingekuwa hakuna nchi inayopima vingine, tungesema tunaomba lisilowezekana. Canada hufunga umri wa mtoto kwa tarehe ambayo ombi kamili lilipokelewa. Hata umri wenyewe wameubadilisha: mwaka 2014 waliushusha hadi chini ya miaka 19, na tarehe 24 Oktoba 2017 wakaurudisha hadi chini ya miaka 22. Uingereza, yenye kikomo cha miaka 18, huangalia umri siku ombi linapowasilishwa. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la familia ya Guinea dhidi ya Ubelgiji, ambapo watoto walikuwa wamefikisha utu uzima kesi ikiendelea. Mahakama ilisema tarehe ya kutazamwa ni ile ya kuomba, maana vinginevyo haki ya mtoto ingetegemea kasi ya ofisi na mahakama za nchi husika.

Marekani yenyewe imewahi kukiri hoja hii. Mwezi Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, tangazo la Rais lilisimamisha viza nyingi za familia, na usitishaji huo ulidumu hadi Februari 2021. Lakini tangazo la tarehe 22 Juni 2020 liliagiza kwamba watoto ambao wangepita umri kwa sababu ya usitishaji huo waweze kuruhusiwa. Maana yake ni kwamba serikali iliona si haki mtoto apoteze nafasi kwa mlango ilioufunga yenyewe. Kama hilo ni kweli kwa mlango uliofungwa miezi 10, ni kweli pia kwa mlango unaofunguliwa kidogokidogo kwa miaka 10.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kila sheria lazima iwe na mpaka, na popote utakapouweka kuna atakayeangukia nje. Ni kweli, na mada hii haiombi mpaka uondolewe. Miaka 21 ibaki 21. Kinachogombewa ni siku ya kupima. Wakazi wa Kanda hii ya Ziwa wanakumbuka foleni ya pantoni kati ya Kigongo na Busisi kabla ya Daraja la J.P. Magufuli kufunguliwa Juni 2025. Gari lililowahi liliwahi, na kama pantoni ilichelewa, halikurudishwa mkiani kwa kosa la kuchelewa kwa pantoni. Mpaka wa haki hupima kile ambacho mtu alikuwa na uwezo nacho, na mzazi ana uwezo na siku ya kuomba tu.

Wengine watasema mtu wa miaka 22 anajitegemea, hana haja ya kubebwa na wazazi. Hoja hii ina nguvu kiasi, lakini sheria yenyewe imeshaijibu kwa kuwatengea watoto watu wazima fungu lao. Tena kwa ratiba ya elimu yetu, kijana anayemaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19 au 20 humaliza chuo akiwa na 23 au zaidi, na wakati wote huo anategemea ada ya mzazi. Anapoachwa peke yake huku wadogo zake wakiondoka, familia iliyoombewa iungane inakuwa imegawanywa na ombi lenyewe.

Hoja ya tatu ni idadi: umri ukifungwa mapema, foleni itarefuka. Ni kweli kwamba foleni ya wenzi na watoto wadogo ingeelemewa kidogo, kwa kuwa waliokuwa wakihamishwa wangebaki humo. Lakini hakuna mtu mpya anayeongezwa, na kikomo cha mwaka hakivukwi. Kusubiri kunagawanywa kwa wote, na hilo lina haki zaidi kuliko kumtwika mzigo wote kijana mmoja ambaye kosa lake ni kuzaliwa wa kwanza. Kuhusu hofu ya watu kudanganya umri, tarehe iliyofungwa inasaidia pia: vyeti vilivyowasilishwa mapema vikabaki kwenye faili ni vigumu kuvigeuza miaka ikishapita.

Lililo mikononi mwetu

Hoja ya mwisho ndiyo inayotugusa hapa Kiseke, Ilemela, mkoani Mwanza: hizo ni sheria za wenyewe, sisi zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu siku ya kwanza ya hesabu hiyo ndefu huandikwa huku kwetu, kwenye cheti cha kuzaliwa. Mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulianza Mbeya mwaka 2013, kisha ukaja Mwanza. Vijana wanaokaribia miaka 21 sasa walizaliwa kabla ya hapo. Wengi wao walikulia kwenye kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo, na wanatafuta cheti cha kuzaliwa pale tu kinapodaiwa. Tarehe ya ubatizo ikigongana na ya shule, na ya shule ikigongana na ya pasipoti, miezi inapotea kwenye viapo na marekebisho. Kwa kijana mwenye miaka 20, miezi hiyo ndiyo umri wake.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Wazazi walio ng'ambo waombe mara tu wanapostahili, na wawaorodheshe watoto wote bila kumwacha hata mmoja. Wanaolea watoto hao hapa Ilemela wahakikishe sasa kwamba tarehe ya kuzaliwa ni moja kwenye kila karatasi. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wafundishwe kusoma tarehe tatu: ya ombi kupokelewa, ya kuidhinishwa na ya viza kupatikana, na wamweleze kijana athari za ndoa kabla posa haijapelekwa. Serikali yetu nayo, inapozungumza na nchi wanakoishi Watanzania, idai umri ufungwe siku ya ombi.

Hilo la nne litachukua muda, na vijana waliopo kwenye foleni wataendelea kukua tukilisubiri. Hayo matatu ya kwanza hayahitaji kibali cha ubalozi wowote. Yanahitaji familia itoe vyeti kabatini, ivisome kimoja baada ya kingine, na palipo na tarehe mbili za mtoto mmoja, iende ofisi ya Mkuu wa Wilaya ikarekebishe wakati bado kijana ana miezi ya kupoteza.