Wauguzi na Wasimame Wenyewe Kuongoza Chama Chao

Maneno yaliyosemwa Kapolowe mbele ya wafanyakazi wa migodi na raia



Tumeombwa tuseme machache juu ya wauguzi na chama chao. Labda wengine wenu mnajiuliza: watu wa migodi na makarani wana neno gani na mambo ya lopitalo? Tunalo neno. Mtoto akishikwa na homa usiku tunasema, "Tumpeleke kwa munganga." Tukifika, huyo tunayemwita munganga ni nani? Mara nyingi ni muuguzi. Ndiye anayepima homa, ndiye anayechoma sindano, ndiye anayeandika jina la mtoto kitabuni. Katika vituo vingi vya afya vya nchi yetu mkuu wa kituo ni muuguzi, na munganga mwenye diploma ya chuo kikuu yuko mbali, kwenye lopitalo kubwa. Wavuvi wa ziwa letu, lile lililozaliwa na ukuta wa Mwadingusha, wanaijua habari hii kuliko watu wa mjini. Basi jambo la muuguzi ni jambo letu.

Tukumbuke kwanza tulikotoka. Wakati wa Wabelgiji, kijana wa Kongo aliweza kufundishwa uuguzi, na wachache walifundishwa kuwa wasaidizi wa waganga. Lakini cheo chenyewe cha munganga hawakupewa. Siku ya uhuru, 30 Juni 1960, nchi hii kubwa haikuwa na munganga Mkongomani hata mmoja mwenye diploma ya chuo kikuu. Mwezi wa Julai fujo zikaanza, na wengi wa waganga wa Ulaya wakaondoka. Je, wagonjwa waliachwa na nani? Waliachwa na wauguzi na wasaidizi wale wale waliokuwa wameambiwa miaka yote kwamba kazi yao ni kupokea amri. Wao ndio waliofungua milango ya lopitalo asubuhi, wakawasha taa jioni.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana sisi makarani tunapenda hesabu. Waganga walipata chama chao cha kisheria, kinachoitwa Ordre des Médecins, mwaka 1968. Wauguzi walipata chao, Ordre des Infirmiers, kwa sheria namba 16/015 ya 15 Julai 2016. Kati ya 1968 na 2016 ni miaka 48. Muuguzi aliyeanza kazi akiwa kijana mwaka ule wa waganga alikwisha kuzeeka kabla ya sheria ya wauguzi kutoka.

Wengine wanachanganya Ordre na sendika. Tuzitenganishe. Sendika inadai mshahara, prime ya hatari, saa za kazi na siku za kupumzika. Ordre inalinda kazi yenyewe: inaandika majina ya wauguzi halali, inasimamia maadili yao, inamwita mwenye kosa ajieleze, na inamzuia mtu asiye na diploma asivae koti jeupe na kuchoma watu sindano. Sendika ni ngao ya mfanyakazi. Ordre ni ngao ya mgonjwa pia. Mwaka 2017, nchini Kenya, sendika ya wauguzi iligoma miezi mitano, kuanzia Juni mpaka Novemba. Madai yao yalikuwa na haki, lakini wagonjwa maskini waliumia sana. Basi nchi inahitaji vyote viwili, na vyote viwili vinahitaji viongozi wenye akili na moyo.

Hapo ndipo penye neno letu la leo. Sheria imejenga nyumba. Nani anakaa ndani yake? Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Wauguzi wasipoingia wenyewe kuongoza, kiti hakitakaa kitupu. Ataketi mwingine. Ataketi mtu aliyeacha kushika mgonjwa zamani, au mtu anayetafuta cheo cha kuandika kwenye kadi, au mtu wa mjini asiyejua njia ya kijiji wakati wa mvua. Naye ataamua juu ya muuguzi wa Kapolowe bila kumjua.

Sisi watu wa migodi tunajua vizuri kiti kisicho na kauli. Baba zetu waligoma Desemba 1941 kwa sababu mshahara haukutosha maisha. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na Léonard Mpoyi, msemaji wao, akafa pamoja na wengine wengi. Vita vya dunia vilipokwisha, mwaka 1946, Union Minière iliweka mabaraza ya wafanyakazi weusi. Wajumbe waliketi, walisema habari za posho na nyumba, na neno la mwisho likabaki kwa kompani. Baraza lilikuwapo, nguvu haikuwapo. Somo lile lilinunuliwa kwa bei kubwa. Hatutaki wauguzi walinunue tena. Chama ambacho wenyewe hawakiongozi ni kama mgodi ambao wenyeji wanapata vumbi tu.

Tuseme sasa juu ya akina mama, maana hapa ndipo watu wengi wanapoanza kukunja uso. Shirika la Afya la Dunia lilihesabu mwaka 2020 kwamba wauguzi wa dunia nzima ni karibu milioni 28, na katika kila 10, karibu 9 ni wanawake. Mwaka uliotangulia, 2019, shirika hilo lilisema kwamba katika watu wa kazi ya afya wanawake ni 70 kwa mia, lakini katika viti vikubwa ni 25 tu kwa mia. Kwetu Kongo wanaume wengi hufanya uuguzi tangu zamani za mkoloni, wala hatuwadharau. Lakini tuulizane kwa haki: mama anayekesha na wazazi wodini, anayeshika damu na uchafu, kwa nini akifika mkutanoni apewe kazi ya kupanga viti na kugawa soda?

Katika hatari hawaachwi nyuma. Mwaka 1976, ugonjwa wa Ebola ulipotokea mara ya kwanza katika nchi yetu, muuguzi kijana wa Kinshasa, Mayinga N'Seka, aliambukizwa akimhudumia mgonjwa, akafa. Mpaka leo wataalamu wa dunia wanaita kimelea kile cha kwanza kwa jina lake, Mayinga. Mwaka 1995 ugonjwa ule ule uliingia Kikwit. Watu 315 waliugua, na 80 kati yao walikuwa watu wa kazi ya afya. Tazama basi: katika hatari muuguzi ni wa kwanza, katika baraza ni wa mwisho. Jambo hilo si haki, wala si akili. Aliyeona ugonjwa ukiingia mlangoni ndiye anayejua mlango ulikuwa na kasoro gani. Kama angekuwa na kauli juu ya glavu, juu ya maji, juu ya sabuni, wangapi wangepona?

Msituambie kwamba Mwafrika mwanamke hawezi. Baraza la Wauguzi la Dunia lilianzishwa mwaka 1899, na kwa miaka zaidi ya 80 halikuongozwa na Mwafrika. Mwaka 1981 wauguzi wa dunia walimchagua Eunice Muringo Kiereini, mama wa Kenya aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa nchi yake. Akaliongoza mpaka 1985. Wauguzi wa Ulaya, wa Marekani na wa Asia waliketi, naye akashika kiti cha mbele. Hakushuka kutoka mbinguni. Alianza kama wengine, kwa kitanda cha mgonjwa. Kama Kenya imeweza, Katanga inashindwa na nini?

Tunajua maneno yanayosemwa kwenye baa na kwenye soko. Wa kwanza anasema: "Muuguzi akienda mikutanoni, nani atabaki na wagonjwa?" Ndugu, wewe unafanya kazi ya mgodi. Posti ya usiku ikiisha, posti ya asubuhi inaingia, na mashine hazisimami. Hata wodini wanaweza kupangiana zamu. Wa pili anasema: "Akipata cheo atajivuna." Basi mchagueni asiyejivuna, na muwekeeni muda wa kutoka. Wa tatu anasema: "Mke wangu hataingia mambo ya vyama." Huyo tunamjibu kwa upole: baba, siku ile mke wako alipookoa mtoto wa jirani, ulisifiwa wewe mtaani. Ulipokea sifa. Pokea basi na chakula kilichochelewa siku moja ya mkutano.

Kuna na shida ambayo haisemwi kwa sauti. Wauguzi wengi wa nchi hii hawamo katika orodha ya mshahara wa Serikali. Wanaishi kwa prime isiyofika kwa wakati na kwa fedha kidogo ya wagonjwa. Mtu wa namna hiyo anaogopa kusimama. Anaona kwamba akisema neno, kesho atahamishwa. Hofu hiyo si uvivu, tusimcheke. Lakini mtu mmoja akisimama peke yake anahamishwa. Wakisimama mia, wanaitwa wazungumze. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa tuwaambie wauguzi mambo manne, kama makarani wanaojua vyama vinafia wapi.

La kwanza, andikisheni majina yenu. Chama hakihesabu mioyo, kinahesabu majina kitabuni. Muuguzi aliye nje ya orodha hana kura.

La pili, shikeni daftari mbili: moja ya maneno ya mkutano, moja ya fedha. Tumeona vyama vingi vizuri vikifa, na adui hakuviua. Viliuawa na fedha isiyoandikwa. Kila franka iingiayo ipewe risiti, kila franka itokayo ipewe sababu. Mwenye kushika fedha asiwe ndiye mwenye kuruhusu itumike. Na daftari zisomwe mbele ya wote, si mara moja kwa mwaka tu.

La tatu, wekeni mtu wa vijijini karibu na viti vya mbele. Muuguzi wa kituo kidogo anajua upungufu wa dawa kabla ripoti haijaandikwa. Mkimwacha mbali, mtaongoza karatasi.

La nne, fundisheni vijana kuongoza wangali vijana. Mwachieni msichana aliyetoka shuleni juzi asome ripoti mbele ya watu, akosee, asahihishwe, asome tena. Kiongozi haoti kama uyoga baada ya mvua. Analimwa kama muhogo, na muhogo unataka subira.

Na sisi raia, kazi yetu ni nini? Tuache kumwita muuguzi "mtumishi wa munganga". Ana diploma yake na sheria yake. Tukiona mtu asiyejulikana anafungua chumba na kuchoma sindano kwa bei ya chini, tuulize jina lake liko katika orodha gani; maisha ya watoto wetu yamo katika swali hilo. Muuguzi akifanya kosa, tusimpige, tusitukane familia yake. Tupeleke shtaka kwa chama chake, tuone kama kina meno. Chama kisichoshtakiwa hakijui kuhukumu. Na wauguzi wetu wakiitwa mkutanoni Likasi au Lubumbashi, nasi wa Kapolowe tusiseme "ni shauri lao". Nauli ya mtu mmoja, ikichangwa na watu hamsini, haimwumizi mtu.

Wandugu, baba zetu walichimba shaba, wengine wakaihesabu. Tulikataa. Wauguzi nao wametibu nchi, wengine wakaamua kazi yao ifanywe namna gani. Nao wana haki ya kukataa, na njia ya kukataa si kununa nyuma ya pazia la wodi. Njia ni kuingia, kuketi, kusema, kuandika, kutoa hesabu, na muda ukiisha kumpisha mwingine.

Tunawatazama ninyi wauguzi mliopo hapa leo, akina mama na akina baba, mkiwa bado na koti la kazi. Uchaguzi wa chama chenu utakapoitishwa, tusisikie kwamba Kapolowe haikuleta jina. Leteni jina. Leteni na la mwanamke.