Karakana Zilipofungwa: Funzo la UVIKO-19 kwa Ufundi Stadi



Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa nchini. Siku iliyofuata Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, alitangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 18 Machi hatua hiyo ikavifikia vyuo, vikiwemo vya ufundi stadi. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni.

Katika miezi hiyo miwili na nusu, mwanafunzi wa shule aliweza kufuatilia vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni. Anayejifunza uchomeleaji au useremala hakuwa na mbadala wa karakana. Nadharia husomeka hata kwenye simu. VETA ilikwisha kuanza utaratibu huo mwaka 2016 kupitia programu ya VSOMO. Lakini mkono hujifunza kwa kushika kifaa, kukosea na kusahihishwa na mwalimu.

Hapa kwetu Chamwino karakana zilifungwa mtama na uwele vikiwa bado shambani. Kijana aliyerejea nyumbani akawa nguvukazi ya familia, na akiba ya ada ikawa rahisi kugeuka chakula. Kwa kijana wa namna hiyo, chuo kufunguliwa na yeye kurudi chuoni ni mambo mawili tofauti.

Hata hivyo, maradhi hayo yalidhihirisha thamani ya fundi. Mafundi cherehani walishona barakoa za vitambaa; wachomeleaji waliunda vifaa vya kunawia mikono vinavyokanyagwa kwa mguu. Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa katika vyuo vya ufundi stadi.

Aliyekatiza mafunzo hajachelewa. VETA hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: fundi hupimwa, hunolewa palipopungua, kisha hutunukiwa cheti. Mzazi mwenye kijana wa aina hiyo na afike kwa Mtendaji wa Kata aelekezwe pa kuanzia. Na mavuno yakiingia ghalani, ada ya ufundi itengwe kwanza, kabla gunia la mwisho halijauzwa.

Ujuzi ni akiba isiyoliwa na ukame.